Koneksheni yako ya kwanza ni Dar, sio Doha

Juzi kaingia kijana mmoja ofisini kwetu hapa Mbeya, ana skrinshoti kwenye simu, tiketi ya Dar kwenda Guangzhou kule China, bei nzuri kweli, anataka tumkatie hiyo hiyo tusiongeze kitu. Nikamuuliza, na kutoka hapa mpaka Dar unafikaje? Akasema atapanda basi, au akikuta ndege ya asubuhi siku hiyo hiyo atachukua. Na ndege yake ya kimataifa inaondoka saa kumi na moja jioni. Hapo ndipo huwa nakaa na mteja muda mrefu mpaka wengine wanadhani namzungusha, kwa hiyo nimeona niandike kabisa maana swali hili linajirudia, kwa watu wa Mwanjelwa, Tunduma, Makambako, hadi Iringa wanaotupigia.

Watu wengi wanahesabu muda wa transiti, yaani kusubiri ndege ya kuunganisha, kuanzia Doha (Qatar) au Addis (Ethiopia). Mtu anakuuliza, masaa mawili Doha yanatosha? Swali zuri, lakini sisi wa huku juu tunaunganisha ndege kwanza Dar, na hiyo ndo ngumu kuliko zote, kwa sababu Doha ukichelewa uko ndani ya tiketi moja na shirika lile lile ndilo lililokuchelewesha, watakutafutia ndege nyingine, ni kazi yao. Dar ukichelewa na tiketi ya Songwe, eapoti yetu ya Mbeya, ulinunua kivyake, hakuna anayekujua. Shirika la kimataifa litaandika abiria hajatokea, na mara nyingi na tiketi ya kurudi inafutwa hapo hapo, hela imeondoka.

Na sababu za kuchelewa huku kwetu tunazijua wenyewe. Msimu wa mvua ukungu ukishuka Songwe asubuhi ndege inasubiri, au inazunguka juu halafu inarudi Dar, na hapo rubani hana kosa maana usalama kwanza. Ukisema basi, ni kama kilomita 830, na lori likilala kwenye mlima Kitonga foleni inasimama mnatazamana tu na saa zinakwenda. Tulishakuwa na mama mmoja wa Uyole anaenda kwa binti yake Marekani, tiketi kakatiwa na mwanae kule kule, kuanzia Dar. Ndege ya Songwe ikachelewa masaa manne. Alifika Dar anakimbia na begi na kapu, kaunta imeshafungwa. Alilia simuni na mimi nilikuwa sina la kumsaidia zaidi ya kumtafutia pa kulala. Tangu siku ile naongea hili jambo kwa msisitizo, mtu akichukia achukie.

Halafu kuna kitu wengi hawakijui mpaka wafike, kwamba pale Dar ndege za ndani zinatumia Terminal 2 na za kimataifa ziko Terminal 3, ile mpya iliyofunguliwa 2019, na sio jengo moja la kuvuka mlango, inabidi utoke nje uchukue gari. Kama tiketi ni mbili tofauti mzigo unaudai mwenyewe, unautoa, unaupeleka kule, unaukabidhi upya, unapita uhamiaji. Kaunta za safari ndefu nyingi zinafungwa saa moja kabla ya ndege kuondoka, sasa wewe piga hesabu. Na kilo zenyewe, ndege ya ndani kawaida kilo 23, ile ya kimataifa labda umeruhusiwa mabegi mawili, ile tofauti unailipia pale Songwe kwenye mzani.

Ushauri wetu ni huu: kama tiketi ni mbili tofauti, shuka Dar siku moja kabla. Lala. Hela ya gesti ni ndogo ukilinganisha na tiketi ya Guangzhou kupotea. Wa Iringa nao wana njia nyingine siku hizi, basi mpaka Dodoma halafu treni ya SGR mpaka Dar, unakwepa Kitonga na Mikumi, ila bado nasema fika jana yake. Kama unaweza, bora zaidi tukukatie tiketi moja inayoanzia Songwe kabisa, baadhi ya mashirika ya kimataifa yana makubaliano na ya ndani. Bei inapanda kiasi, lakini kilo zinahesabiwa safari nzima, mzigo mara nyingi unapewa lebo ya mwisho wa safari, na ukichelewa Dar ni tatizo la shirika sio lako peke yako.

Sasa tukishavuka Dar ndo tuje kwenye hizo eapoti za kuunganishia. Hakuna iliyo bora kwa kila mtu, inategemea ni nani anasafiri. Mzee au mama anayesafiri mara ya kwanza na hajui Kiingereza, mimi nampeleka Doha bila kufikiria sana, jengo ni moja, kila kitu kiko chini ya paa moja, akipotea kapotea ndani ya jengo lile lile. Kwa mtu kama huyo sikati transiti ya chini ya masaa matatu hata mfumo wa kukatia tiketi ukinipa saa moja na nusu. Ile saa moja na nusu mfumo unaiona inatosha kwa sababu unahesabu mtu anayetembea haraka na anayejua kusoma vibao, haimhesabu mama anayeogopa ngazi za umeme. Na kumbuka geti linafungwa dakika kama 20 kabla ya ndege kuondoka, kwa hiyo transiti ya dakika 90 kiukweli ni dakika 70, na ndege ikichelewa kutua nusu saa zimebaki 40.

Addis ni nzuri kwa wafanyabiashara wa China na kwa bei, ndege nyingi na njia nyingi. Shida yake inajaa sana usiku ndege zikikutana. Na baridi, iko mita kama 2,300 juu, zaidi ya Mbeya mjini, kwa hiyo lile sweta usilifungie kwenye begi la chini. Ukipata transiti ndefu ya usiku, kuna tiketi zinazokuja na hoteli bure na kuna zisizokuja, tuulize kabla hujalipa maana ukishafika pale kubishana hakusaidii. Na ukikaa zaidi ya masaa 12 Addis au Nairobi wakati wa kurudi, beba kadi yako ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, unaweza kuulizwa ukitua nyumbani.

Dubai angalia terminal. Emirates wako Terminal 3, flydubai ndege zao nyingi ziko Terminal 2, na kati yao ni basi, kwa hiyo kama tiketi inachanganya hizo mbili nataka masaa manne. Istanbul ni kubwa, kutembea ni kwingi, na mji una eapoti mbili, mpya upande wa Ulaya na Sabiha Gökçen upande wa Asia. Tumeshaona tiketi za bei poa mtandaoni zinazotua moja na kuondokea nyingine. Hapo lazima uingie nchini, na kuingia ni viza.

Viza ndo inayoumiza watu kuliko masaa. Paspoti yetu ya Tanzania ukiunganisha London, hata usipotoka nje ya eapoti, kwa kawaida unahitaji viza ya transiti. Marekani hakuna kupita tu, kila anayetua anapita uhamiaji, kwa hiyo usikubali tiketi ya kwenda Mexico au Jamaica inayopitia Marekani kama huna viza yao. Na hata mwenye viza, eapoti ya kwanza ya Marekani anachukua mabegi yake mwenyewe, anapita nayo forodha, anayakabidhi tena. Chicago kwa mfano mara nyingi unatua Terminal 5 halafu ndege ya ndani unaifuata terminal nyingine kwa treni. Masaa matatu hapo ndo kiwango changu cha chini, manne kama ni baridi la Januari.

Wakati wa kurudi pia msisahau. Ukitua Dar jioni ndege ya mwisho ya Songwe inaweza kuwa imeshaondoka, kwa hiyo mtu wa mzigo wa China apange kulala na kupanda ya kesho yake, maana forodha wakiamua kufungua mabegi huwezi kuwaharakisha.

Ukitutumia ujumbe kuulizia bei, usituandikie tu "Dar to China bei gani". Tuambie unatokea wilaya gani, ni nani anasafiri na ana umri gani, kilo ngapi kwenda na kurudi, viza zipi ziko kwenye paspoti, na kama Dar una ndugu wa kulala kwake. Hilo la ndugu ndo la kwanza tunaloangalia.