Yah: Pedi za breki za nyuma kuisha kabla ya kilomita 15,000

Meneja wa Huduma Baada ya Mauzo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Rejea ankara ya Sh 1,640,000 niliyopewa karakanani kwenu wiki iliyopita kwa ajili ya pedi na diski za nyuma za gari langu. Nimeilipa kwa sababu gari nalihitaji na sikuwa tayari kuendesha chuma juu ya chuma. Kulipa huko kusichukuliwe kuwa nimekubali. Gharama hiyo naona ni yenu, na naomba mnirudishie.

Gari nililinunua kwenu likiwa jipya: dogo la spoti, milango mitano, injini ya lita 2.0 yenye turbo, gia otomatiki, handibreki ya umeme. Sevisi zote limefanyiwa kwenu na kitabu kina mihuri yenu. Lilipofika kilomita 14,300 likaanza kukwaruza nyuma kila nikipunguza mwendo. Taa ya onyo haikuwaka, na kitabu cha mwongozo kinaeleza sababu: kihisi cha pedi kipo gurudumu moja la mbele tu. Yaani mteja wenu anayesafiri kwenda Mbeya angeweza kuteremka mlima Kitonga pedi za nyuma zimekwisha, huku dashibodi inamwonyesha kila kitu ni shwari.

Mshauri wenu wa huduma alinipokea vizuri, hapo sina ugomvi. Majibu yake ndiyo tatizo. Kwanza alisema pedi ni kitu cha kuchakaa, hakimo kwenye dhamana. Kisha akaongeza, "Kaka, haya magari ya spoti mnayakanyaga sana." Hilo la pili ndilo lililonikalisha kuandika barua hii.

Gari likifunga breki, uzito hukimbilia mbele. Ndiyo maana pua huinama, na ndiyo maana diski za mbele hutengenezwa kubwa na nene kuliko za nyuma. Kazi kubwa ya kulisimamisha gari hufanywa na magurudumu ya mbele. Dereva mwenye fujo humaliza pedi za mbele kwanza. Sasa tazameni vipimo alivyoviandika fundi wenu mwenyewe kwenye karatasi ya ukaguzi: mbele milimita 8 kushoto na 8 kulia; nyuma, pedi za ndani zimekwisha kabisa pande zote mbili, pedi za nje zimebaki na milimita 5. Kama ni mguu wangu, ulifikaje nyuma bila kupita mbele?

Najua breki za siku hizi hazimsubiri dereva peke yake. Kompyuta hugawa nguvu kati ya mbele na nyuma, na magari mengi hupeleka nyuma zaidi kuliko zamani ili pua isiiname sana. Mfumo wa kuzuia kuteleza hushika gurudumu mojamoja. Tena kwenye baadhi ya magari ya spoti, ukikata kona kwa kasi, kompyuta hubana gurudumu la upande wa ndani wa kona ili gari ligeuke vizuri. Muuzaji wenu alinisifia sana jambo hilo siku tulipokwenda kulijaribu gari. Yote hayo hula pedi. Kama hiyo ndiyo sababu, basi nilistahili kuambiwa kabla ya kulipa kwamba za nyuma zitatangulia kuisha, na mapema namna hii.

Lakini sidhani kama ni kompyuta. Kompyuta ikibana gurudumu hutumia presha ya mafuta ya breki, na kalipa (kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski) ikiwa nzima, pedi ya ndani na ya nje hulika karibu sawa. Zangu hazikulika sawa. Pedi ya ndani ndiyo inayosukumwa moja kwa moja na pistoni ya kalipa. Ikiisha yenyewe wakati mwenzake ana milimita 5, ama pistoni hairudi, ama zile pini ambazo kalipa huteleza juu yake zimekwama. Na handibreki ya umeme inafanya kazi hapo hapo: mota ndogo nyuma ya kalipa huisukuma pistoni ikaze, kisha inatakiwa irudi nyuma iiachie.

Niliomba hilo lijaribiwe mbele yangu, na namshukuru fundi aliyekubali. Alilinyanyua gari, akazungusha gurudumu la nyuma kwa mkono; likazunguka bila shida. Akavuta kitufe cha handibreki, akaachia, akazungusha tena. Likagoma. Alilisukuma kwa mikono miwili, likaenda nusu mzunguko likasimama. Upande wa pili vivyo hivyo. Alipoigonga kalipa kwa mpini wa nyundo, gurudumu likalegea. Akaenda kumwita msimamizi wa karakana, naye akatazama. Kwenye karatasi ya ukaguzi niliyopewa jaribio hilo halimo kabisa. Naomba liandikwe.

Nikumbushe pia kwamba muuzaji ndiye aliyenishauri niwe nawasha kile kitufe cha kulishikilia gari kwenye foleni, nipumzishe mguu. Gari likikaa muda mrefu limesimama, mfumo wenyewe huhamia kwenye handibreki. Anayejua foleni ya Mwenge saa kumi na mbili jioni anajua mota hizo hukaza na kuachia mara ngapi kabla mtu hajafika nyumbani. Kama kila zikiachia zinabakiza pedi imegusa diski, pedi inasagika njia nzima. Kijana anayeniosha gari aliliona hilo kabla yangu. Aliniuliza mbona rimu za nyuma kila mara ni nyeusi na za mbele safi.

Dhamana yenu ni ya miaka 3 au kilomita 100,000. Pedi haimo, sawa, nimesoma. Kalipa imo, na mota ya handibreki imo. Kisichomo kikiharibiwa na kilichomo, mnamdaije mteja? Kuhusu diski sina haja ya kubishana: unene wa chini unaoruhusiwa umechapwa kwenye diski zenyewe, na zangu zilikuwa zimeshuka chini yake, zimechimbika mifereji.

Linalonishangaza kuliko yote ni kwamba mmefunga pedi mpya na diski mpya kwenye kalipa zile zile.

Kwa hiyo naomba kalipa zote mbili za nyuma na mota zake zikaguliwe na kubadilishwa chini ya dhamana, nirudishiwe Sh 1,640,000, na nipewe ripoti ya maandishi yenye jaribio la kuzungusha gurudumu. Naomba pia mmuulize mtengenezaji kama ametoa maelekezo yoyote kwa mafundi kuhusu breki za nyuma za modeli hii, na jibu lake nilione.

Nategemea majibu kwa maandishi ndani ya siku 14, si kwa simu. Baada ya hapo nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji pia. Kwa sasa nakala ya barua hii sijaipeleka popote.

Gari nitalileta siku yoyote ya kazi mtakayonipangia. Pedi na diski za zamani niliziomba na ninazo nyumbani. Nitakuja nazo mzipime, kisha nitaondoka nazo.

Wenu,

Mteja na mmiliki wa gari

Viambatisho: nakala ya ankara, karatasi ya ukaguzi, picha za pedi na diski.