Kabla Hujajaza Fomu ya Ubingwa

Dar es Salaam

Mpendwa Neema,

Barua yako nimeipata, na nimefurahi mno kusikia mama ameruhusiwa kutoka hospitali. Mpe shikamoo yangu. Sisi huku tu wazima.

Umeniuliza kama usomee ubingwa wa magonjwa ya viungo, nami nakujibu bila kuzunguka: ndiyo, soma magonjwa ya ndani, kisha ubobee kwenye magonjwa ya viungo. Tena usiishie kliniki. Baki chuoni, ufundishe, ufanye utafiti.

Waliokuambia moyo una heshima, upasuaji una fedha na magoti hayaui mtu, wanakutakia mema, lakini hawajakaa na mama kijana asiyeweza kujifunga kanga wala kumnyanyua mwanawe. Vidole vimevimba, mikono imekakamaa mpaka saa nne asubuhi. Ameambiwa ni baridi, ameambiwa karogwa, amechomwa sindano za diklofenaki, za kutuliza maumivu tu, mwaka baada ya mwaka. Anapofika kwa bingwa mifupa imeshalika. Baridi yabisi si ugonjwa wa wazee tu, na wanawake huugua mara mbili hadi tatu kuliko wanaume. Kinga ya mwili inageuka na kuvila viungo vyenyewe. Linaniuma sana hili kwa sababu lingezuilika.

Sasa nikueleze habari za Ravinder Maini, maana nikifikiria kazi hii inavyoweza kufanywa, namfikiria yeye kwanza. Alizaliwa Ludhiana, India, mwaka 1937, lakini alikulia Uganda; baba yake, Amar Maini, ndiye aliyekuwa meya wa kwanza wa Kampala. Kijana akaenda Uingereza, akasomea udaktari Cambridge na Guy's Hospital, akawa bingwa wa viungo katika hospitali ya Charing Cross, London. Papo hapo alikuwa mtafiti wa Kennedy Institute, taasisi ya magonjwa ya viungo iliyokuwa eneo lile lile la Hammersmith. Ukaribu huo ulikuwa na faida kubwa: maswali ya wodini hayakuwa na safari ndefu kufika maabara.

Miaka ya 1980 akaungana na Marc Feldmann, mtaalamu wa kinga aliyesoma Melbourne. Wagonjwa walipofanyiwa upasuaji wa viungo, utando wa ndani ya kiungo uliotolewa ulipelekwa maabara, na seli zake zikatunzwa zikiwa hai. Zikaendelea kutoa zenyewe protini nyingi zinazochochea uvimbe, saitokini za kila namna. Wataalamu wengi waliona hapo hakuna pa kushika, kwamba ukiizuia moja nyingine zitafanya kazi yake. Wao wakaizuia moja, iitwayo TNF. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1989 yalionyesha kuwa TNF ikizuiwa, interlukini-1, saitokini nyingine, nayo inashuka. Kumbe zile protini zilikuwa na kiongozi.

Mwaka 1992 wakawapa wagonjwa 20, ambao dawa za kawaida zilikuwa zimeshindwa kuwasaidia, kingamwili dhidi ya TNF, yaani protini ya kuinasa na kuizuia, iliyotengenezwa na kampuni ya Centocor ya Marekani. Leo tunaiita infliksimabu. Wagonjwa walipata nafuu kubwa. Kisha dawa ikaisha mwilini na ugonjwa ukarudi.

Hapa ndipo ninapotaka usome polepole, Neema. Mwingine angeona kurudi kwa ugonjwa ni kushindwa. Wao waliwapa baadhi ya wagonjwa wale dawa tena, ugonjwa ukatulia tena, na hiyo ikawa hoja ya nguvu kwamba TNF ndiyo hasa inayouendesha. Bado hawakutosheka. Jaribio la wagonjwa 73, ambamo si daktari wala mgonjwa aliyejua nani amepewa nini, lilichapishwa mwaka 1994. Baada ya wiki nne, waliopata nafuu kati ya waliopewa dripu isiyo na dawa walikuwa asilimia 8. Kati ya waliopewa dozi kubwa, asilimia 79. Baadaye wakaonyesha kwamba ukiongeza methotreksati, dawa ya kawaida ya ugonjwa huu, kidogo kila wiki, nafuu inadumu zaidi. Tuzo zikafuata, ikiwemo ya Lasker, tuzo kubwa ya utafiti wa tiba ya Marekani, mwaka 2003, lakini mimi navutiwa zaidi na subira ile ya kuuliza swali moja hatua kwa hatua, kutoka kwa mgonjwa hadi maabara na kurudi kwa mgonjwa.

Najua utasema wagonjwa wetu wengi hawawezi kununua dawa hizo. Kweli kabisa, na kwa wengi wao jambo la kwanza ni methotreksati, vidonge vya zamani na vya bei nafuu, vianzishwe mapema. Lakini kuna swali jingine linalosubiri watu kama wewe. Mwaka 2001 ilitolewa taarifa ya wagonjwa 70 waliougua kifua kikuu baada ya kutumia infliksimabu, kwa kuwa TNF hiyo hiyo ndiyo inayosaidia mwili kukifungia kifua kikuu kilicholala. Huku kwetu watu wengi wanabeba vimelea hivyo bila kuugua. Tuwapime vipi, tuwape kinga gani kwanza, na nani asipewe kabisa? Majibu yaliyopatikana London hayatoshi. Nataka mtu wa kuyatafuta kwenye wodi zetu, na kwa jinsi ninavyokujua tangu tukiwa intern, ulivyokuwa ukirudi kwa mgonjwa baada ya raundi kumuuliza tena, nakuona wewe.

Mshahara wa chuo hautafikia wa mwenye kliniki binafsi, na miaka ya masomo ni mingi. Ongea na shemeji mapema. Kisha njoo Dar kabla ya kupeleka fomu, ukae nami Jumanne kliniki ya viungo. Makala za majaribio hayo nimeshakuchapia, nitampa dereva wa basi Ijumaa. Anza na ile ya 1994.

Wako,
Rehema