Paka dume akishindwa kukojoa msisubiri kesho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo maana hili jambo linaua paka mtaani halafu watu wanasema kala sumu ya panya. Paka dume ukimwona anaingia na kutoka kwenye boksi la mchanga kila saa, anachuchumaa, anajikamua, analia, anajilamba huko chini na hakitoki kitu, hiyo siyo kufunga choo jamani. Mkojo umeziba. Jike naye kibofu kinamsumbua ila kuziba kabisa ni nadra, dume ndo njia yake nyembamba mno huko mwishoni, vichembe vya madini vikichanganyika na ute basi inaziba. Mkojo ukikwama figo zinashindwa kazi, madini ya potasiamu yanapanda kwenye damu mpaka moyo unasimama, na haichukui hata wiki, siku mbili tatu tu kaenda. Kwa hiyo ni daktari wa mifugo muda huohuo, iwe usiku iwe Idi, ampe usingizi apitishe mpira kwenye njia ya mkojo na kumwekea dripu.

Kinachoniudhi ni watu kuambiwa madukani wampe panadol. Panadol kwa paka ni sumu, ini lake haliwezi kuivunja, kidonge kimoja tu kinaweza kumuua! Na antibayotiki zinagawiwa kama peremende wakati paka ambaye hajazeeka mara nyingi hana bakteria wowote, kibofu kimevimba tu na stresi inachangia sana, kahamishwa nyumba, kaletewa mwenzie asiyempenda, mafundi wanagonga mabati kutwa. Bakteria wako zaidi kwa paka wazee, hasa wenye figo mbovu au kisukari, na hata hao mkojo upimwe kwanza.

Akishapona ni maji, maji, maji. Chakula kikavu cha pakiti kiloweke, dagaa wape na mchuzi usio na chumvi wala kitunguu (kitunguu nacho sumu kwao), bakuli la maji likae mbali na choo chake. Paka wawili, maboksi matatu. Yule bonge wa kushinda ndani kwenye kochi mumwangalie zaidi. Kuna vijiwe vya kwenye kibofu vinayeyuka kwa chakula maalumu, vinaitwa struvaiti, vya oksaleti haviyeyuki ng'o, kwa hiyo pimeni kabla ya kununua.

Ombi langu kwenu Mhariri, mtutolee orodha ya madaktari wa wanyama wanaopokea simu usiku kila mkoa, maana tunaopiga saa nane za usiku hatupati mtu.

Msomaji wenu,
Tanga