Malyutka haikujitafutia kifaru

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu vita vya Waarabu na Israeli vya Oktoba 1973 ilisema makombora ya Wamisri kule Sinai yalijitafutia vifaru. Hasha! Malyutka, kombora la Kisovieti la kupiga vifaru walilotumia Wamisri hao, iliongozwa kwa mkono. Askari alitazama kwa darubini huku akisogeza kijiti cha kuongozea, na amri zikapita kwenye waya mwembamba uliofumuka nyuma ya kombora. Kufika mita 3,000 kulichukua takriban sekunde 25. Jaribu kutulia hivyo huku unapigwa mizinga! Ndiyo maana Waisraeli walijifunza kumlenga mwongozaji mwenyewe, akishtuka tu kombora linapotea. Javelin ya Marekani, kombora linalojiongoza lenyewe baada ya kufyatuliwa, iliingia jeshini 1996. Mnachanganya zama, jamani.

Fundi redio mstaafu,
Tanga