Shukrani kwa uliyetuachia chakula, Bagamoyo

Ndugu usiyetaka kutajwa, Mungu akuzidishie. Unga kilo 50, maharage kilo 20 na mafuta lita 10 vilipimwa mbele ya mashahidi wawili, vikagawiwa jioni nyumba kwa nyumba, bila picha. Hukuuliza nani ana kadi ya zaka wala binti yupi kazalia nyumbani. Hapo ndipo wengi tunapokwama: jina likishasomwa kanisani, mhitaji harudi tena hata akilala njaa. Paulo aliwaambia Wagalatia (5:13) uhuru wao wautumie kutumikiana kwa upendo. Sisi, jamani, tunakaguana sketi! Na misheni ya hapa ilianza 1868 kwa kuwapokea waliokombolewa utumwani. Maharage yaliyobaki, kilo 3, tumeyachanganya na majivu yasibunguliwe.