Chupa ya kupuliza si chupa ya kugonga

Bwana Mhariri,

Makala yenu kuhusu nyimbo za filamu za Kihindi imebishaniwa sana huku Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi. Ni jambo jema kuona gazeti la Kiswahili linampa ukurasa mzima mtunzi wa Bombay, Mumbai ya leo, Rahul Dev Burman. Ila yamo makosa matatu, na la tatu litampotosha mpiga ala yeyote atakayelifuata akiwa na chupa mkononi.

Kosa la kwanza ni la jina. Akina Burman ni wawili. Baba ni Sachin Dev Burman, wa ukoo wa kifalme wa Tripura, India, aliyezaliwa 1906 na kufariki 1975. Muziki wa Pyaasa (1957) na wa Guide (1965) ni wake. Mwana ni Rahul Dev Burman, aliyezaliwa Calcutta tarehe 27 Juni 1939 na kufariki Bombay tarehe 4 Januari 1994. Watu wa kazi walimwita Pancham. Muziki wa Sholay (1975) ni wa mwana, nanyi mmempa baba. Aradhana (1969) mmempa mwana, ilhali filamu yenyewe imeandikwa jina la baba, mwana akiwa msaidizi. Wapo wanaoapa kwamba mkono wa kijana unasikika humo wazi kabisa, na masikio yao si mabaya, lakini gazeti huandika kilichoandikwa.

Huyo mwana hakuokotwa barabarani. Alifundishwa sarod, ala ya nyuzi, na Ali Akbar Khan, na ngoma za tabla na Samta Prasad, akapuliza harmonika kwenye orkestra ya baba yake, kisha akapata filamu yake ya kwanza, Chhote Nawab, mwaka 1961. Jina lilivuma na Teesri Manzil (1966), ambako nyota wa filamu, Shammi Kapoor, kwanza alitaka watunzi wengine, akabadili mawazo baada ya kusikilizishwa mahadhi. Hadi anakufa alikuwa ametunga muziki wa filamu zaidi ya 300. Ya mwisho kumpa sifa, 1942: A Love Story, ilitoka miezi michache baada ya kifo chake, na tuzo ya filamu za Kihindi ya Filmfare ikaja mwaka 1995 mwenyewe hayupo.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, maana linarudiwa kila mahali. Mmeandika “wimbo wa Zeenat Aman”. Zeenat Aman ni mwigizaji, alichezesha midomo tu. Katika filamu za Kihindi sauti ni ya mwimbaji wa nyuma ya pazia, na katika wimbo huo mnaoutaja, Dum Maro Dum wa filamu ya Hare Rama Hare Krishna (1971), mwimbaji ni Asha Bhosle, maneno ni ya Anand Bakshi, na muziki ni wa Rahul Dev Burman. Mfano unaochekesha zaidi ni Mehbooba Mehbooba wa Sholay. Hapo mtunzi aliimba mwenyewe, na bado kwenye filamu anayefungua mdomo ni mwigizaji Jalal Agha, huku Helen akicheza.

Mtunzi alifanya nini hasa? Mwongozaji humweleza tukio: nani anamwimbia nani, mahali gani, kwa hasira au kwa mapenzi. Mtunzi hukaa na harmoniamu na mpiga ngoma mmoja, anatafuta kiitikio, kile wanachokiita mukhda, na kukiimba kwa silabi zisizo na maana yoyote. Mtunzi wa maneno huhesabu silabi hizo na kuzijaza lugha. Ndiyo sababu neno zito likianguka kwenye noti fupi wimbo unachechemea hata mwimbaji akiwa hodari: mahadhi yalitangulia, maneno yakalazimishwa kuingia. Mshairi Gulzar alikwenda kinyume. Alileta maneno kwanza, na kwa filamu ya Ijaazat (1987) alileta mistari isiyo na vina wala urefu sawa. Mwenyewe amesimulia kwamba Burman alimtania kuwa kesho atamletea gazeti alitungie muziki. (Bwana Mhariri, jihadharini.) Hata hivyo alitunga, na wimbo huo ukampa Gulzar tuzo ya taifa ya maneno na Asha Bhosle ile ya uimbaji.

Baada ya mukhda huja beti, antara, kwa kawaida mbili au tatu, na kati yake vipande vya ala bila sauti ya mtu. Msidhani vipande hivyo ni sebene, ile sehemu ya magitaa ya muziki wa dansi wa kwetu. Sebene inaweza kurefushwa wachezaji wakipamba moto. Kipande cha Bombay kimeandikwa noti kwa noti na kina idadi ya baa, yaani mafungu ya mapigo, isiyobadilika, kwa sababu mwalimu wa dansi atapanga hatua za wachezaji juu yake. Mwenye kuvigawa kwa fidla, saksofoni na magitaa ni mpangaji wa ala. Kwa Burman kazi hiyo na ya kusimamia mazoezi ilikuwa mikononi mwa Manohari Singh, ambaye pia ndiye saksofoni mnayoisifu bila kumtaja, na Basu Chakraborty. Midundo ilikuwa ya Maruti Rao. Ranjit Gazmer, mtu wa Darjeeling, alileta madal, ngoma ya Nepal, na walikaza madal kadhaa kila moja kwa noti yake mpaka ngoma ikaanza kuimba.

Kisha studio. Miaka ya sitini orkestra nzima na mwimbaji walirekodi kwa pamoja. Mtu wa fidla akikosea dakika ya tatu, wote wanarudi mwanzo, na hiyo dakika ya tatu ndiyo hatari, kwa sababu vidole vimechoka na macho yameanza kutazama saa. Makrofoni chache hazikuruhusu kurekebisha baadaye. Aliyepiga kwa nguvu alisogezwa nyuma, wa sauti ndogo akaletwa mbele, basi. Ukitaka kujua kwa nini gitaa la nyimbo hizo linasikika kama liko chumba cha pili, jibu ni umbali wa kiti.

Mmesema pia hakuiga mtu. Hilo hatulihesabu kosa, ila mmemsifu kupita kiasi. Mahadhi ya Mehbooba Mehbooba yanafanana mno na wimbo wa mwimbaji Mgiriki Demis Roussos, na katika Hum Kisise Kum Naheen (1977) kuna wimbo ambao kila shabiki wa ABBA ataukamata mara moja. Kinachobaki chake ni mavazi: midundo, vipande vya ala, na vyombo visivyo vya muziki alivyoviingiza studio. Kwa filamu ya Kitaab (1977) madawati ya shule yaligongwa kama ngoma, kwa wimbo wa Chura Liya (1973) unasikia kioo kinagongwa kabla ya gitaa kushika njia, na kwa Mehbooba Mehbooba walipuliza chupa.

Na hapo ndipo kosa la tatu. Mmewaambia wasomaji kwamba maji yakiongezwa kwenye chupa sauti inashuka. Katanga tunaijua chupa, ndugu zetu. Tangu enzi za mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco, ambaye mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, gitaa la huku limetembea na chupa pembeni. Lakini chupa yetu inagongwa, na ya Burman ilipulizwa, na maji yanazifanyia kazi kinyume kabisa. Ukigonga, kinachotetemeka ni kioo. Maji yanakilemea, sauti inashuka. Ukipuliza, kinachotetemeka ni hewa iliyobaki ndani. Maji yanaipunguza hewa hiyo, sauti inapanda.

Kwa anayetaka kujaribu kupuliza, achukue chupa ya sukre, yaani soda, inayobeba sentilita 33. Ikiwa tupu, hiyo ndiyo noti ya kwanza. Akitia maji sentilita 7 hivi, sauti inapanda hatua moja nzima, kama kutoka do kwenda re. Sentilita 14 na nusu zinaifikisha fa, 18 zinaifikisha sol, na 25 ndiyo oktava. Angalieni nafasi hizo: sentilita 7 za kwanza zimesogeza hatua moja tu, 7 za mwisho zimeruka kutoka sol hadi do ya juu. Kwa hiyo chini mimina kwa kikombe, juu ongeza kwa kijiko. Vipimo hivi ni vya kuanzia. Shingo za chupa hazilingani, na sikio ndilo la kumalizia. Chupa kubwa ya bia ya Simba ina hewa nyingi, basi noti zake ni za chini zaidi na inafaa kwa besi.

Yanayoharibika ni machache na yanajulikana. Msitumie soda badala ya maji: povu na mapovu yanabadilisha nafasi ya hewa, na noti haitulii. Mtu mmoja asipewe chupa nne, maana kuzibadilisha mdomoni kunamchelewesha, na baada ya dakika mbili kichwa kinazunguka. Mpe mbili, na wapulizaji wapokezane kama wapiga filimbi wa kijijini. Mdomo wa chini uguse ukingo, pumzi ivuke shimo badala ya kuingia ndani. Mkishika chupa tumboni haidhuru, tofauti na ya kugonga, ambayo ikikamatwa tumboni inakufa sauti na lazima ishikwe shingoni kwa vidole viwili. Na kiwango cha maji kiwekewe alama kwa nje kwa rangi ya kucha, kwa sababu mapema au baadaye mmoja wenu atazipiga teke.

Wapiga ala wa Kamalondo,
Lubumbashi