Maji ndiyo yanasukuma kuta zetu za Riat

Mhariri,

Naomba nafasi niongee kuhusu hizi kuta za kuzuia udongo tunazojenga huku Riat, Kisumu, maana siku hizi kila mtu anachimba mlima apate ploti tambarare halafu anamwaga konkriti bila kuuliza. Mimi pia nilifanya hivyo. Ukuta wangu ulikuwa mita 3 kwenda juu, fundi akasema tuweke unene wa sentimita 40 toka chini mpaka juu ndio nilale bila wasiwasi, na mvua ya Aprili ikaja. Asubuhi kalamu haikuingia kwa ufa, jioni nikaingiza vidole viwili.

Tulipotoboa chini yalitoka maji ya matope kwa karibu masaa mawili. Hakukuwa na tundu hata moja la kutoa maji, wala kokoto nyuma ya ukuta, udongo mweusi ulikuwa umeshindiliwa pale moja kwa moja.

Injinia aliyekuja baadaye alinipigia hesabu kwa karatasi: mita 3 ya udongo wa kichanga, ukiwa mkavu, inasukuma kama tani 2.7 kwa kila mita ya ukuta, lakini maji yakijaa nyuma inakaribia tani 6. Yaani ile simiti yote niliongeza ilikuwa inapigana na maji ambayo paipu chache na kokoto zingetoa bure. Na urefu wa kwenda juu nao, ukiuongeza mara mbili nguvu ya kuupindua ukuta inaenda mara 8, ndio maana ngazi mbili, yaani kuta mbili fupi za mita moja na nusu moja juu ya nyingine mlimani, ukiacha nafasi ya kutosha katikati, zinaweza kula konkriti kidogo kuliko ukuta mmoja mrefu.

Hapa ndio mambo ya kaboni, yaani hewa ya kaboni dioksidi inayoongeza joto duniani, inaingia, na tafadhali wasomaji msiruke. Mfuko wa kilo 50 wa simiti ya kawaida, ile haijachanganywa na jivu la volkano, unaacha hewani karibu kilo 40 za kaboni, na sehemu kubwa si moshi wa tanuri, ni lile jiwe la chokaa lenyewe linaitoa likichomwa. Kwa hivyo ukipunguza mifuko umeokoa pesa na hewa pamoja. Lakini si kila mahali hizo mbili zinatembea pamoja: ukipunguza unene sana lazima uongeze chuma, na kilo ya chuma ina kaboni mara nyingi zaidi ya kilo ya konkriti. Ukuta unaoanza mnene chini ukiisha mwembamba juu unaokoa simiti ila mbao na siku za fundi zinaongezeka, mimi naona huku kwetu bado inalipa kwa sababu vifaa ndivyo vinatumaliza kuliko leba. Simiti ya 32.5 (hiyo ni namba ya nguvu iliyoandikwa kwa mfuko) yenye jivu la volkano ni nafuu pande zote mbili, injinia akikubali inafaa, lakini inakuwa ngumu polepole, usirudishe udongo kabla ya siku 28 hata kama lori iko getini.

Naomba kaunti ikipitisha ramani ya ukuta iulize maji yatatokea wapi, na kila mita itakula mifuko mingapi na kilo ngapi za chuma. Wangu naujenga upya mwezi ujao, ngazi mbili, na paipu tayari ziko kwa stoo.

Mwenye ploti,
Riat, Kisumu